Mtoto mmoja, watu watatu, dawa ya homa

SWALI: Daktari, naomba unisaidie, roho yangu haijatulia. Mwanangu ana miaka 2, na kliniki ya mwezi uliopita alikuwa na kilo 11. Tunaishi Umoja, Nairobi. Jumamosi, wiki mbili zilizopita, aliamka na makamasi na mwili moto. Mimi nilikuwa kazini hadi usiku. Dada anayetusaidia nyumbani alimpa dawa ya kushusha joto saa sita mchana, akampa tena saa kumi. Baba yake alipofika saa moja jioni alikuta mwili bado una joto, naye akampa. Saa tatu usiku mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, akampa “dawa ya homa” aliyoinunua kwa kemisti. Kila mmoja alitumia kile kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa, kikiwa kimejaa. Nilipofika nilimkuta amelala usingizi mzito hata kumwamsha ikawa kazi. Kutazama mezani, chupa ni tatu na zote zina parasetamoli! Nimekutumia picha zake. Asubuhi aliamka vizuri na mpaka leo anacheza. Je, ini lake limeharibika? Na mama mkwe anasema makosa ni ya dada, nimwachishe kazi. Nifanye nini?

JIBU: Mama, pole sana kwa usiku ule. Nianze na mtoto, maana najua mengine yote hayatakuingia kabla ya kujua kama yuko salama. Kwa ulivyoeleza, na kwa nilivyoziona chupa zenyewe, siamini kuwa ini la mwanao limedhurika. Sikwambii hivi ili nikutulize tu. Tupige hesabu pamoja, ujionee mwenyewe.

Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne katika saa 24. Mwanao wa kilo 11 anatakiwa kupata kati ya miligramu 110 na 165 kwa mara moja, na kwa siku nzima asipite 660. Chupa ya dada ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Alitoa mililita 5 mara mbili, ikawa 240. Chupa aliyoishika baba ina miligramu 250 katika mililita 5 zile zile. Ile ya nyanya ina 120. Ukijumlisha unapata 610 ndani ya saa tisa, yaani takriban miligramu 55 kwa kilo. Sisi huanza kumpeleka mtoto hospitali, hata akionekana mzima, pale anapozidi miligramu 75 kwa kilo katika saa 24. Kwa wako hiyo ingekuwa 825. Alisogea karibu na ukingo, lakini hakuanguka.

Kuna jambo la pili linalonipa moyo. Ini lililoumizwa na parasetamoli halinyamazi wiki mbili. Siku ya kwanza mtoto anaweza asionyeshe lolote, au atapike kidogo tu, na hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Madhara makubwa hujitokeza kati ya siku ya tatu na ya nne: macho kuwa ya njano, kutapika, kukataa chakula, kuchanganyikiwa. Wako mpaka leo anacheza. Ukiona moyo bado haujatulia, kituo chochote chenye maabara kinaweza kumtoa damu kidogo wapime ini, lakini mimi sikulazimishi.

Ningekuomba tu usifarijike kupita kiasi. Kama hali ile ingerudiwa Jumapili na Jumatatu, watu watatu kila mmoja na chupa yake, barua hii ingekuwa nyingine. Parasetamoli huwaumiza watoto wengi kwa namna hiyo: kidogo cha ziada leo, kidogo kesho, mtoto akiwa mgonjwa na asiyekula vizuri. Na ikitokea siku mtoto amekunywa chupa nzima, usingoje dalili. Kuna dawa ya kuokoa ini, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa ndani ya saa 8. Mbebe mtoto, beba na chupa, nenda. Kutoka kwenu hospitali ya Mama Lucy si mbali.

Sasa usingizi ule. Huo haukuletwa na parasetamoli. Umetoka kwenye chupa ya nyanya, ambayo ndani yake kuna pia klorfeniramini, dawa ile ile iliyo kwenye Piriton. Kazi yake ni kupunguza makamasi na kuwasha, na humfanya mtoto asinzie. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu Nairobi nzima Piriton imegeuzwa dawa ya kumlaza mtoto. Mtoto mgonjwa aliyelazwa kwa dawa anakunyima taarifa unayoihitaji sana: hujui kama amelala kwa sababu ya dawa au kwa sababu ugonjwa umemzidi. Kutoamka vizuri ni mojawapo ya dalili za hatari kubwa kabisa kwa mtoto, na ukimpa Piriton umeifunika dalili hiyo kwa mikono yako mwenyewe. Kwa mafua ya kawaida hahitaji. Uingereza walikwisha kushauri tangu 2009 kwamba dawa za kikohozi na mafua za dukani wasipewe watoto wa chini ya miaka 6, kwa kuwa faida yake haikuonekana na madhara yalionekana. Maji ya chumvi ya matone puani, kunyonya au kunywa mara kwa mara, na kijiko cha asali kwa kikohozi vinamtosha. Asali ni kwa aliyetimiza mwaka. Chini ya hapo hapana kabisa, hata ya kulamba kidoleni.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu linaishia kwenye maneno mawili: “dawa ya homa”. Mama mkwe alikwenda kwa kemisti akaomba dawa ya homa. Kwa nyanya huyu, kama kwa wazee wengi, homa ni mwili kuchemka. Kwa kijana aliye nyuma ya kaunta mjini hapa, homa ni mafua. Yeye akasikia makamasi, akatoa dawa ya mafua. Hakuna aliyekosea lugha, ila walikuwa wakizungumzia vitu viwili. Na mtu aliyekulia Busia au Kilifi akisema homa, huenda anawaza malaria, na anaweza kuondoka na vidonge vya malaria ambavyo mtoto hakupimwa wala hahitaji. Nairobi malaria ni kidogo. Mtoto ambaye hajasafiri hupati sababu ya kumpa dawa hiyo bila kipimo. Akiwa ametoka ushago Kisumu juzi, hilo liseme mlangoni kabla hujasema lingine lolote. Ukifika kwa kemisti usiombe dawa ya neno moja. Sema: ana miaka miwili, ana kilo 11, mwili una joto tangu asubuhi, pua inatoka, ameshapewa parasetamoli mililita 5 saa sita. Kisha uulize, “Hii unayonipa ina nini ndani?”

Swali hilo la mwisho ndilo ningetaka uliweke akilini. Nyumbani dawa huitwa kwa rangi au kwa boksi: ile ya pinki, ile ya chungwa, ile yenye picha ya mtoto. Rangi ni ya kiwanda, haikuambii kitu. Chupa mbili za pinki zinaweza kuwa dawa mbili tofauti, na ya pinki na ya chungwa zikawa kitu kimoja. Kilicho muhimu kimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Panadol na Calpol za watoto zote ni parasetamoli. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli. Shangazi akileta dawa kutoka Marekani, kule parasetamoli huitwa Acetaminophen, na ya watoto huwa na miligramu 160 katika mililita 5, si 120. Basi utakuta Calpol, dawa ya mafua na chupa ya shangazi zimepangwa kwenye rafu moja, na zote tatu ni kitu kimoja kwa nguvu tofauti.

Hapo tunafika kwa baba. Nadhani ulinunua chupa mpya kwa kuwa ya kwanza ilikuwa inakaribia kuisha, ukaiweka kando yake. Boksi zinafanana. Lakini moja ni ya watoto wadogo, na ile yenye 250 ni ya watoto wa miaka 6 na kuendelea. Katika yote yaliyotokea siku ile, hiyo ndiyo dozi iliyopita kipimo: miligramu 250 ni karibu 23 kwa kilo badala ya 15. Na ilitolewa saa tatu tu baada ya ile ya saa kumi. Ya nyanya ikafuata baada ya saa mbili.

Dada ndiye peke yake aliyempa mtoto kipimo sahihi kwa muda sahihi. Nataka mama mkwe alisikie hili, na nitalirudia mwishoni.

Ushauri wangu ni kwamba nyumbani kwenu kuwe na nguvu moja tu ya parasetamoli. Ile ya 250 mpe jirani? Hapana. Irudishe kwa kemisti aitupe. Usiache mbili zikae pamoja. Na usiutegemee umri ulioandikwa kwenye boksi. Utakuta boksi la 120 linasema mwaka 1 hadi 5 apewe mililita 5 hadi 10. Mwanao akipewa 10 anapata miligramu 240, na kwake ni nyingi mno. Wa miaka mitano mwenye kilo 18 zinamtosha. Uzito ndio wenye neno, na upo kwenye kijitabu chako cha kliniki. Uandike nje ya jalada kwa kalamu nzito: kilo 11, na tarehe.

Kijiko nacho. Mmetumia cha plastiki kilichokuja na chupa, vizuri sana. Ila mara nyingi hupotea, na hapo mtu huchukua cha sukari, au mwingine akachukua cha supu. Kijiko cha dawa ni mililita 5. Cha sukari cha nyumbani kinaweza kubeba nusu ya hiyo, au kikapita 5. Kile kikubwa cha mezani ni kama 15, mara tatu. Wote watasema “nilimpa kijiko kimoja” na wote watakuwa wakweli. Nunua bomba la plastiki lisilo na sindano, la mililita 5. Ni bei ya chini, na kemisti wengi watakupa bure ukinunua dawa. Funga alama ya kipimo cha mwanao kwa utepe au rangi ya kucha. Ukimpa, elekeza kwenye shavu kwa ndani, polepole, akiwa ameketi.

Mambo ya nukta pia yamewahi kuniogopesha. Nilipokuwa mwanafunzi wa mazoezi, niliona bahasha ya dawa iliyoandikwa 2.5 kwa kalamu iliyoisha wino, nukta haionekani. Mama alikuwa ameshaisoma 25 na alishangaa mtoto atamezaje zote. Alirudi kuuliza. Sijui kama wote hurudi. Ukipewa bahasha ya “1x3” au chupa yenye maandishi ya haraka, mwambie mhudumu akuonyeshe kwa bomba ni wapi, kisha wewe umwonyeshe. Usione haya, hata foleni ikiwa ndefu. Na ukumbuke “mara tatu” ya antibayotiki ni agizo la kufuata, lakini ya parasetamoli ni ruhusa. Mtoto akiwa na joto dogo huku anacheza, hahitaji dozi inayofuata kwa sababu tu saa imefika. Tunampa apate nafuu ya maumivu na aweze kunywa, hatushindani na kipimajoto.

Kitu ambacho kingezuia Jumamosi ile yote, mama, ni karatasi. Moja tu, ibandikwe pale dawa inapokaa, na kalamu ifungwe kwa uzi. Mtoto akianza kuugua, kila anayempa kitu anaandika hapo hapo: jina la kilicho ndani, mililita ngapi, saa ngapi, nani ametoa. Kabla ya kumimina, unasoma mstari wa mwisho. Msiachie simu, simu ya dada iko na dada, na chaji huisha. Lakini kubalianeni kuhusu saa! Dada akiandika “saa 2”, je, ni saa mbili za asubuhi au ile 2 ya kwenye simu, ambayo kwetu ni saa nane mchana? Kosa la saa sita huingia hapo bila mtu kujua. Andikeni kwa maneno, “saa nane mchana”, au nyote mfuate tarakimu za simu. Chagueni moja. Na stima ikipotea, washa tochi ya simu usome lebo. Dawa ya mtoto haitolewi gizani kwa kupapasa.

Andika pia alipotapika. Akitapika parasetamoli kabla ya nusu saa kuisha unaweza kurudia mara moja, baada ya hapo subiri muda wa dozi ijayo.

Watu wengi huniuliza kuhusu kupokezana parasetamoli na ibuprofeni, dawa nyingine ya kushusha joto. Mimi kwa nyumba yenye walezi watatu nasema chagueni moja, kwa sababu mpishano huo ni mgumu kuufuatilia hata wodini. Ibuprofeni haimfai aliye chini ya miezi 3, wala anayeharisha na kutapika akiwa amekaukiwa maji, kwani figo zake zinaweza kuumia, wala mwenye tetekuwanga. Na kuna chupa zinazouzwa mjini zikiwa na zote mbili ndani. Ukimpa hiyo kisha ukaongeza Panadol, umerudi Jumamosi. Aspirini asipewe mtoto yeyote chini ya miaka 16.

Na kwa kuwa nyanya anawatembelea, nitaje mkoba wake. Kama anatumia vidonge vya sukari, kimoja tu cha glibenklamidi kinaweza kumshusha mtoto wa miaka miwili sukari ya damu hadi azimie. Vya presha navyo ni hatari. Na wewe kama bado una vile vidonge vya madini ya chuma vya kliniki ya wajawazito, vina rangi nzuri na vinang’aa kama peremende. Kila kimoja kina miligramu 60 za chuma. Vinne kwa mtoto wa kilo 11 ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo. Juu ya kabati, si kwenye mkoba ulio kitandani. Na mkimpa dawa, msimwambie ni peremende.

Je, ni wakati gani msiguse chupa yoyote bali muondoke? Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au asiamke vizuri. Akipumua haraka: mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu dakika nzima, kwa umri wake 40 au zaidi ni haraka, kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Na mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 aende moja kwa moja bila kujaribiwa dawa nyumbani. Mkienda, bebeni ile karatasi. Daktari wa zamu atafurahi kuiona kuliko mnavyodhani.

Sasa dada. Nakuomba usimwachishe kazi. Alimwangalia mtoto mgonjwa siku nzima peke yake, akapima sawasawa, akangoja saa nne zitimie. Pengine ndiye anayejua zaidi ya nyote jinsi mtoto huyo anavyokuwa akiugua. Walichokosa baba na nyanya ni kuambiwa kilichofanywa kabla yao, na hilo halikuwa kazi yake peke yake. Wengi wa wasichana hawa huogopa kusema “nimeshampa” mbele ya baba mwenye nyumba au nyanya, wakihofia kuonekana wanajibizana. Mpe ruhusa hiyo waziwazi, wakisikia wote: mtu yeyote akishika chupa, dada ana haki ya kumzuia na kumwonyesha karatasi.

Jioni mkipata nafasi, toa chupa zote mezani, pamoja na zile za mwaka jana na antibayotiki iliyobaki. Iliyokwisha kuchanganywa na maji haikai; nyingi huisha kwa siku 7, kwa hiyo hiyo isirudi kwenye rafu. Zitakazobaki, msome pamoja kilichoandikwa chini ya jina. Mwonyeshe dada alama ya mililita 5 kwenye bomba, kisha yeye akuonyeshe wewe. Baba naye ajaribu. Na mama mkwe akiwa bado yupo, mwiteni, na mweleze kwa heshima ile hesabu ya 120, 120, 250 na 120.